Yona Hakujibu

Hivi wewe umewahi kusikia hadithi inayoishia kwenye mifugo? Tena si mifugo iliyopotea ikapatikana, wala ya kuchinjwa karamuni. Mifugo tu, mingi, imetajwa mwishoni kabisa ndani ya swali, kisha msimulizi akafunga mdomo wake asiongeze hata neno moja. Mama Gundi alipoisoma mara ya kwanza alikuwa amebana sindano midomoni, na nusura aimeze kwa kucheka.

Alikuwa mshona vitabu. Jina la Mama Gundi alibandikwa na watoto wa darasa la Jumapili kwa sababu ya harufu iliyomfuata mpaka kanisani, harufu ambayo sabuni na marashi havikuifulia dafu. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande wa barabara, meza mbili, kibanio cha chuma cha kukandamizia vitabu, na sufuria ya gundi ambayo ndani yake haikuwa imeonekana rangi ya bati kwa miaka mingi. Mwenye karakana alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake. Wifi alipokea wateja, akakata majalada na kubishana bei. Mama Gundi alikunja na kushona.

Vitabu vilivyoletwa kutengenezwa vilikuwa vya kila namna, madaftari ya ofisi, kamusi za shule, lakini vingi vilikuwa Biblia za watu zilizovunjika mgongo. Na Biblia ya mtu, ukishaifungua nyuzi, haifichi kitu. Kwa uchafu wa ncha za kurasa unajua mwenyewe anasoma wapi na anaruka wapi. Zaburi zilikuja nyeusi ti. Barua za mitume zilikuja zimepigwa mistari ya kalamu nyekundu, mingine mpaka karatasi imetoboka. Lakini zile kurasa mbili tatu za Yona mara nyingi zilikuja safi kama sahani ya mgeni, bado zimegandana kwa ile rangi ya dhahabu ya kiwandani. Mama Gundi alizibandua kwa ncha ya kisu, polepole, na gundi ya mgongo ikiwa inakauka akawa anasoma.

Hivyo ndivyo alivyosoma vyote, kwa muda wa gundi kukauka. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, lakini alikuwa na jicho la fundi, na fundi akiona kazi ya fundi mwenzake haangalii rangi, anageuza aone mshono. Aliona, kwa mfano, kwamba katika ile safari ya Ibrahimu na mwanawe kupanda mlimani, msimulizi kamtwisha mtoto kuni, moto na kisu kampa baba. Hakusema kwa nini.

"Umeona, wifi?" alimwambia siku hiyo. "Vitu vya kumwumiza mtoto kavibeba mwenyewe. Anaenda kumchinja, na bado hataki ajikate njiani."

Wifi aliacha mkasi. "Mambo gani hayo asubuhi yote hii. Nisimulie ile ya mfalme aliyekuwa anatembea juu ya paa."

"Hiyo nimekusimulia mara nne."

"Na ya tano hutakufa."

Kwa miaka kumi na moja Mama Gundi alikuwa amelishika darasa la watoto. Lilikaa kwenye stoo ya nyuma ya kanisa, majoho ya kwaya yakining'inia ukutani, watoto kwenye mabenchi mawili na wengine wamekalia magodoro ya mazoezi. Hakuwa na picha wala ubao. Alisimulia. Sauti yake haikuwa kubwa, na ndiyo maana watoto walinyamaza, maana anayepiga kelele alikuwa anajinyima mwenyewe. Watoto hao walikuwa kila kitu chake. Hakujaliwa kuzaa, wala hakuwahi kulilia jambo hilo mbele ya mtu, lakini Jumamosi jioni alipiga pasi gauni lake kama mtu anayekwenda kuposwa.

Tatizo lilianza na Yona.

Aliwasimulia yote. Jinsi Mungu alivyomwambia Yona nenda mashariki, yeye akalipa nauli ya kwenda magharibi. Jinsi alivyolala fofofo chini ya jahazi huku mabaharia wapagani wakiomba juu kila mtu kwa mungu wake. Samaki alimpitisha haraka, maana alijua samaki huwa anawameza watu wakasahau hadithi. Alikaa sana pale mjini, mfalme alipoamuru hata wanyama wavishwe magunia, na watoto wakaanguka kwa kicheko wakiwaza mbuzi aliyevaa gunia. Akawapeleka nje ya mji, Yona amenuna, amekaa chini ya mmea wake, mmea umeliwa na buu, jua linampiga utosini, anataka kufa kwa hasira kwa sababu watu wamesamehewa. Na Mungu anamwuliza: wewe umeuonea huruma mmea usioupanda, mimi nisiuonee huruma mji mzima, na watu wote wale wasiojua kulia wala kushoto, na mifugo mingi namna ile?

Hapo Mama Gundi akanyamaza.

"Yona akajibu nini?" akauliza msichana mmoja mwenye meno mawili tu ya mbele.

"Haikuandikwa."

"Lakini alijibu?"

"Wewe unaonaje?"

Ikawa vurugu. Mmoja akasema Yona alilia. Mwingine akasema alilala, kwa sababu Yona akiambiwa jambo asilolipenda hulala, si alilala hata baharini? Mama Gundi aliposikia hilo moyo ulimruka, maana yeye mwenyewe alikuwa hajaliona. Wa tatu akasema alirudi kwao kimyakimya, na mkewe alipomwuliza safari ilikuwaje, akasema nzuri tu. Waliondoka stoo wakigombana, wakagombana njiani, wakagombana mezani kwao. Jumanne mama wa yule msichana akamfuata Katibu wa kanisa akasema mtoto hali chakula, anataka kwanza aambiwe Yona alijibu nini.

Katibu alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu msafi, kalamu tatu mfukoni, na hakuwa mtu mbaya. Alikuja karakanani mwenyewe, akakataa kiti kwa sababu ya vumbi la karatasi.

"Dada," alisema, "nimeambiwa unawasimulia vizuri sana. Sasa funzo liko wapi?"

"Limo humohumo ndani, Katibu."

"Watoto hawalioni."

"Wanaligombania. Mtu atagombaniaje kitu asichokiona?"

Wifi alikohoa, akainamia jalada.

"Nimekagua shule miaka thelathini," Katibu alisema, bila ukali. "Mtoto ukimwacha na swali, huko mtaani wengine watamjibu. Kila hadithi iwe na mwisho wake na funzo lake, walikariri, waende nalo. Naandaa vijitabu, kila hadithi na chake. Kazi ya kushona mtapewa nyie."

"Na Yona?"

"Yona ndiye wa kwanza," alisema Katibu, akaondoka akijifuta mabega.

Karatasi zilifika baada ya wiki tatu kutoka kwa mpiga chapa, marundo mawili yamefungwa kamba. Vijitabu mia mbili, kila kimoja karatasi chache za kukunja, kuingizana na kushona katikati kwa mishono mitatu. Kazi ya siku mbili. Mama Gundi alifungua rundo, akachukua kile kipande chake cha mfupa cha kukunjia, akaanza. Kwa kawaida mkono ulikunja na jicho likasoma. Alisoma Yona wa Katibu na, kusema haki, hakuwa amemharibu sana. Samaki alikuwa mkubwa mno, lakini jua la utosini lilikuwepo, na buu, na swali lilikuwepo na mifugo yake.

Kisha akageuza karatasi ya mwisho.

"Wifi," aliita. "Sikiliza. 'Ndipo Yona akajibu, akasema, Nimekosa, sasa nimeelewa. Akarudi mjini, akakumbatiana na wote, wakala pamoja kwa furaha.'"

"Vizuri," alisema Wifi. "Mwisho mzuri. Hata mimi nimefurahi kwamba alikula, maskini, tangu atapikwe na yule samaki hatujasikia amekula."

"Na nyuma yake kuna mafunzo matatu ya kukariri."

"Basi kunja."

"Aliyeandika hadithi hii alijua kuandika jibu, wifi. Hakuishiwa wino."

"Najua utakachosema. Usiseme. Kunja." Wifi alichukua madaftari yaliyokwisha akayatia kwenye mfuko. "Napeleka kazi ya watu wa mahakama. Nikirudi nikute nusu ya rundo."

Mama Gundi alibaki peke yake na karatasi mia mbili za mwisho. Alikaa. Alisimama akakoroga gundi isiyohitaji kukorogwa. Alimwaza yule msichana wa meno mawili akiusoma ukurasa ule, akishusha pumzi, akaenda kula, na Yona akawa ameisha, amekufa kama kitendawili kilichoteguliwa. Na yule aliyesema alilala, aliyeona kitu ambacho watu wazima wenye kalamu nyekundu hawakukiona, angejua kwamba alikosea.

Akachukua kisu na rula ya chuma.

Sasa, ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha kushona katikati haukatwi ovyo. Karatasi yake ni moja na ukurasa wa kwanza, zimeshikana kwenye mkunjo, ukiukata kwenye mkunjo wenyewe na wa mbele unadondoka. Lazima uache ukingo, mwembamba kama upana wa kidole, uzi upate pa kushika. Mama Gundi aliacha ukingo. Kimoja baada ya kingine, rula, kisu, rula, kisu, mia mbili yote, na kila ukingo sawa na mwenzake. Karatasi alizozikata hakuzitupa, alizipanga zikalingana, akazifunga uzi, akaziweka kwenye kabati. Kisha akashona vijitabu, mishono mitatu mitatu, kazi nzuri kuliko kawaida. Wifi aliporudi alikuta nusu ya kazi imekunjwa, na kesho yake jioni yote imekamilika na imebanwa, akasifu, akalala kwa amani.

Vijitabu viligawiwa Jumapili iliyofuata. Jumatatu saa nne asubuhi Katibu alikuwa mlangoni mwa karakana na Mchungaji kwa nyuma yake. Mchungaji alikuwa kijana, mgeni katika kanisa lile, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa amekunja mikono kama anayesikia baridi.

Katibu aliweka kijitabu mezani. "Vyote viko hivi. Kinaishia kwenye swali. Kurasa mbili nzima hazipo."

Wifi alikichukua. Alikifungua mwishoni, akapitisha dole gumba kwenye mkunjo, na dole gumba likasimama. Lilikuwa limegusa ule ukingo. Mama Gundi aliuona uso wa wifi yake ukibadilika, kisha akauona ukirudi mahali pake kwa nguvu, kama mtu anayerudisha droo iliyokwama.

"Ni kosa la kukunja," alisema Wifi. "Hutokea. Karatasi za mwisho zikikunjwa vibaya, kisu cha kusawazisha kingo kinazila. Tunaomba radhi sana, Katibu."

"Zote mia mbili?"

"Ukikosea ya kwanza, mkono unafuata. Mkono wa fundi ni kama punda, ukishashika njia."

Mchungaji alitabasamu. Hata Katibu alilegea. Alikuwa amekuja na maneno makali, sasa hakuwa na pa kuyaweka. "Basi si kitu," alisema. "Makosa ni ya binadamu. Tutapiga chapa ukurasa huo, mtaubandika kwa gundi. Na wewe, dada, Jumapili utawasomea watoto mwisho wake, wakariri, mambo yaishe. Wanakupenda. Hakuna anayetaka kukunyang'anya darasa."

Hapo jambo lilikuwa limewekwa wazi mbele yake. Kosa la mkono, na darasa lake libaki, na Jumapili asimame stooni aseme Yona alijibu. Wifi alimkanyaga mguu chini ya meza, akaukanyaga tena.

"Si kosa," alisema Mama Gundi.

"Wifi yangu hajalala vizuri," alisema Wifi.

"Nimelala vizuri sana." Alichukua kijitabu mkononi mwa Wifi, akakifungua, akakielekeza dirishani. "Katibu, njoo uone. Huu ukingo hapa. Kosa haliachi ukingo ulionyooka hivi. Huu umepimwa kwa rula. Nimekata mimi, kwa kisu hiki, kimoja kimoja, na akili zangu zote ninazo. Usije ukasema kwa watu kwamba sijui kukunja. Miaka thelathini na miwili sijakunja karatasi vibaya."

Katibu alisogea kuangalia, halafu akajuta kuangalia. Shingo ilimvimba. "Umekata maandishi yangu?"

"Maandishi yako nimeyatunza, yako kabatini, nitakupa. Nilichokikataa ni kuyashona pamoja na yale. Hayakuwa ya kitabu kile."

"Kwa madaraka ya nani? Umesoma mpaka darasa la ngapi, dada yangu?"

"Darasa alilofikia wifi yangu liache," alisema Wifi, sauti imebadilika. Kukanyaga mguu kuliisha. "La saba, kila mtu anajua. Sema lingine."

"La saba," Mama Gundi alikubali. "Lakini nimezifungua hizi na kuzifunga mara nyingi kuliko nyie wote mliopo hapa. Mwandishi wa Yona alikuwa fundi. Alimwacha yule mtu nje ya mji kwa makusudi, na swali utosini kama lile jua, ili asikae pale peke yake, na sisi tukae naye. Ukimjibia, umetuvusha kivulini. Watoto hawakutaka kivuli, Katibu. Walitaka kugombana. Mmoja wao ameona kwamba Yona hulala akikwepa neno. Ana miaka minane. Kuna funzo lako lolote lililofika hapo?"

"Mtoto wa miaka minane anahitaji jibu," alisema Katibu, na mara hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini anachosema. "Hujakaa nao wakishakua. Mimi nimekaa. Nimewaona waliolelewa kwa maswali matupu."

"Na mimi nimewaona waliolelewa kwa majibu matupu. Biblia zao huletwa hapa. Kurasa zimegandana."

Mchungaji alikunjua mikono, akaikunja tena.

"Mama," alisema, "ukisema ni kosa, hata sasa, tutalichukua ni kosa."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sisemi."

Katibu alikusanya kalamu zake mfukoni ingawa hakuna aliyezigusa. "Basi darasa nitalishika mimi kuanzia Jumapili hii. Naomba ufunguo wa stoo."

Hilo alikuwa amelitarajia tangu alipochukua rula, lakini kulitarajia jambo hakulifanyi liwe jepesi. Aliufungua mkoba wake, akautafuta ufunguo kati ya nyuzi na lile pakiti la peremende alilowawekea watoto, akauweka mezani.

"Benchi la kushoto lina mguu mbovu," alisema. "Usiwaketishe wakubwa hapo."

Nje mtu alikuwa anaburuta mlango wa bati wa duka. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukatia, macho mekundu, na alipozungumza hakuwa anazungumza na wageni.

"Sasa sikiliza. Nimesema uongo mbele ya Mchungaji kwa ajili yako, na umeupangua. Kazi za kanisa tumezikosa, watoto umewakosa. Haya. Lakini mimi si mjinga, nakaa na wewe humu kila siku ya Mungu. Kila Jumapili unarudi kutoka kanisani meno umeyasaga mpaka taya zinakuuma, na si kwa ajili ya watoto, watoto wanakufurahisha. Ni kitu kingine, na unakimezea kwenye gundi. Leo umeshakosa vyote. Sema unachotaka, wifi, maana hakuna tena cha kukunyang'anya."

Mama Gundi alichomeka sindano kwenye kifuko chake. Alijifuta vidole, kimoja kimoja, kwenye aproni. Alimtazama Katibu, lakini maneno aliyapeleka kwa Mchungaji.

"Nataka kusoma Jumapili," alisema. "Si stooni. Kule mbele, kwa watu wazima. Na si mistari mitatu halafu mtu ashuke, kama mnavyosomaga, vipandevipande, hadithi ya watu imekatwa kama kitambaa cha viraka, hujui mtu alitoka wapi wala alikuwa anakwenda wapi. Mmewaandika kwenye zamu walimu na wahasibu, na wanasoma kama wanaita majina ya wanafunzi. Miaka yote hiyo nimekaa benchi la nyuma nikingoja mtu aniulize kama na mimi najua kusoma. Hamkuuliza, basi nasema. Nataka kusoma Yona yote, toka anapokimbia mpaka inapoishia. Ni dakika kumi, nimeipima hapa gundi ikikauka. Nikifika mwisho nitafunga kitabu, nitarudi kukaa, na nataka mtu yeyote asisimame kutuambia maana yake."